Ufa chini ya mtutu

Macho sita yalikuwa yameipitia ile bastola na hayakuona kitu. Ya mzee mwenyewe, aliyekaa nayo zaidi ya miaka thelathini. Yangu, yasiyojua lolote kuhusu silaha. Na ya fundi, aliyekuwa amebana lenzi jichoni kama sonara. Ufa ulikuja kuonekana kwa chaki.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, katika karakana ya fundi huyo wa bunduki, nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya Baltimore. Mimi nilikuwa dereva tu. Mzee ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, na tangu afanyiwe upasuaji wa jicho hapendi tena kushika usukani, kwa hiyo akinipigia simu Jumamosi asubuhi najua kuna safari. Alikuja Marekani miaka ya sabini akiwa baharia. Meli ilipopakua shehena Baltimore alishuka nayo, na hakupanda tena. Akafanya ulinzi wa usiku kwenye maghala ya bandarini mpaka alipostaafu. Bastola aliinunua kwa mlinzi mwenzake enzi hizo, kwa kuwa kila mlinzi alitakiwa awe na yake. Sasa wajukuu wamefika umri wa kufungua droo, naye akakata shauri aiuze. Lakini huuzi kitu kichafu, ndivyo alivyolelewa. Kwanza isafishwe.

"Mwanangu, chombo hiki kimekaa kwenye kitambaa kama pete ya mahari," aliniambia njiani. "Vumbi lenyewe halijakigusa."

Chombo chenyewe ni rivolva ndogo ya risasi tano, mtutu wa inchi mbili, fremu ya alumini, silinda ya chuma. Uzito wake haufiki nusu kilo. Ukiipokea mkononi unahisi umepewa embe dodo. Chapa yake sitaitaja. Kasoro niliyokuja kuiona siku ile haina chapa moja, na mzee hana ugomvi na mtu.

Fundi alifungua silinda, akahakikisha matundu yote matano ni matupu, akaingiza kidole kila tundu kana kwamba haamini macho yake. Akapitisha brashi ndani ya mtutu. Akazungusha silinda taratibu, sikio karibu, akisikiliza namna inavyojifunga mbele ya nyundo. Kila alipomaliza jambo alitikisa kichwa kwa kuridhika, na mzee naye akatikisa cha kwake. Nikaanza kuona bei inapanda.

Kisha akaigeuza chali. Huku silinda ikiwa imefunguliwa na kuning'inia pembeni, alimulika tochi mahali ambapo mtutu unaingia kwenye fremu, upande wa chini. Alitulia hapo. Akachukua tone la mafuta mepesi, akalipaka, akasubiri kama dakika tano akitusimulia habari za binti yake, akafuta kwa kitambaa mpaka pakawa pakavu kabisa. Halafu akachukua kipande cha chaki nyeupe, cha ubaoni, akakisaga kwa kisu na kuipuliza ile poda juu ya sehemu aliyoifuta.

Mwanzoni palikuwa peupe tu. Baada ya muda kidogo, katikati ya weupe ule ukajitokeza mstari wa kijivu, mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga, usiofika urefu wa punje ya mchele. Ulikuwa unajichora wenyewe. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalikuwa yanapanda, na chaki inayanywa.

"Huo si mkwaruzo?" mzee aliuliza.

Fundi alipitisha ukucha wa kidole gumba juu yake. Mkwaruzo, alieleza, una kingo na una kina unachoweza kukihisi, lakini hauna mafuta ya kutoa. Mistari ya mashine iliyoichonga fremu nayo huwadanganya wengi, ila hiyo hujipanga sambamba kama matuta ya viazi. Huu ulikuwa peke yake, ulikatisha kule ambako mashine haikupita, na ulianzia pale pale ambapo alitegemea kuukuta.

Mzee aligeuka kunitazama, akahamia Kiswahili, kana kwamba mimi ndiye hakimu. "Mie sikuipiga risasi mia, wallahi. Hata hamsini."

Nilimwamini. Fundi pia alimwamini, na hapo ndipo makala hii ilipoanza kichwani mwangu. Sote tunajua kwamba kitu hupasuka kwa kutumiwa vibaya: sufuria iliyoangushwa, jembe lililopiga jiwe, kiti kilichokaliwa na mnene. Huyu mtu alikuwa amepasukiwa na kitu alichokitunza kwenye kitambaa.

Wasomaji wengi wa gazeti hili hawajashika bastola na, Mungu akipenda, hawatashika. Lakini neno fremu tunalijua sote kwa baiskeli. Pedali unaweza kubadilisha, tairi, mnyororo, usukani, hata uma wa mbele, na baiskeli ikabaki kuwa ya babu. Fremu ikikatika, ndipo mnapoanza kuulizana kama hii bado ni baiskeli ya babu au la. Kwenye rivolva ni hivyo hivyo. Fremu ndiyo inayobeba silinda katikati yake kama dirisha linavyobeba kioo, mtutu umekazwa mbele yake kwa meno ya skrubu, nyundo na kifyatulio vimo ndani ya tumbo lake, na mpini umefungwa nyuma. Risasi inapolipuka, kila kitu kinataka kwenda upande wake, na fremu ndiyo inayosema hapana. Risasi ya kawaida ya .38 Special imewekewa kikomo cha shinikizo cha pauni 17,000 kwa inchi ya mraba. Tairi la gari dogo lina kama pauni 30.

Baiskeli ya Phoenix ikikatika fremu, unaipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale barabarani, anavaa miwani yake myeusi (au havai, anafumba jicho moja), na jioni unaondoka nayo. Ile ni chuma. Alumini ya bastola imechanganywa na metali nyingine na kupikwa kwa moto wa kipimo maalumu ili ipate ugumu. Ukiichomelea, moto unaufuta ule ugumu na unabaki na kitu laini kama mfuniko wa sufuria, mahali ambapo hutaki kabisa kiwe laini. Fundi alilisema hilo kabla mzee hajauliza. Nadhani ameulizwa mara nyingi.

Sasa turudi chini ya mtutu. Silinda ya rivolva za namna hii hufunguka kwa kuning'inia kwenye mkono mdogo wa chuma, na mkono huo ukifungwa hujilaza ndani ya nafasi iliyochongwa kwenye fremu, chini kidogo ya mtutu. Ili mkono upate pa kulala, nyama ya fremu imepunguzwa hapo. Ile pete inayoshika meno ya mtutu ni nene juu na pembeni, lakini chini, penye tarakimu 6 ukiitazama kama uso wa saa, ni nyembamba. Waliobuni rivolva ndogo za mfukoni walijua. Ukitaka kitu kidogo, lazima upunguze mahali.

Halafu inakuja siku ya kuikaza. Mtutu una kidoto mbele, kile cha kulengea shabaha, na kidoto hicho lazima kisimame wima. Huwezi kuukaza mtutu kama unavyokaza kifuniko cha chupa, ukaacha popote utakapokomea. Unatakiwa ukomee kwa nguvu ya kutosha na wakati huo huo kidoto kiwe juu barabara. Fundi mwangalifu akiona mtutu umekaza lakini kidoto bado kimeinama kidogo kushoto, anautoa, anapunguza bega la mtutu kwa tupa au mashine, anarudisha, anajaribu tena. Fundi mwenye haraka, Ijumaa alasiri, na trei ya bastola nyingine zinamsubiri, anaongeza mkono kwenye kishikio na kumalizia ile robo ya robo iliyobaki. Kidoto kinasimama. Bastola inapita ukaguzi, maana kwa macho haina tofauti na jirani yake. Lakini ile pete nyembamba ya alumini sasa imetanuliwa kutoka ndani, na itabaki imetanuliwa usiku na mchana, kwenye duka, kwenye mfuko, kwenye droo, ndani ya kitambaa cha mahari.

Kwamba metali iliyovutwa bila kupumzishwa inaweza kupasuka yenyewe, bila kufanya kazi yoyote, ni jambo ambalo watu wa silaha walilijua kwa njia ya ajabu zamani. Jeshi la Waingereza huko India lilikuwa likitunza risasi katika mazizi ya farasi wakati wa mvua za masika. Mvua zilipokwisha, maganda ya shaba nyeupe yalikutwa yamepasuka shingoni, nayo hayajatiwa bunduki hata siku moja. Kilichoeleweka baadaye, na maelezo kamili yalichapishwa mwaka 1921, ni kwamba ganda lilipokandamizwa kiwandani kupata umbo lake lilibaki na mvuto ndani yake, na ile harufu kali ya mkojo wa farasi, yaani amonia, ikachanganyika na unyevu na kumalizia kazi. Naipenda habari hii kwa sababu inamwondolea lawama askari. Asingeweza kufanya lolote, zaidi ya kutafuta banda lisilo na farasi.

Alumini ina tabia yake nyingine. Kila mtoto aliyecheza na waya wa seng'enge anajua kwamba ukiukunja na kuukunjua mara nyingi utakatika, ingawa hakuna mkunjo mmoja uliokuwa na nguvu ya kuukata. Wahandisi huita hali hiyo uchovu wa metali, na aliyeipima kwa mara ya kwanza kwa subira ya kweli ni Mjerumani, August Wöhler, aliyekuwa akihangaika na ekseli za mabehewa ya reli zilizokuwa zikikatika karne ya 19. Alichogundua juu ya chuma kinatia moyo: ukikitumikisha chini ya kiwango fulani, kitakuvumilia karibu milele. Alumini haina huruma hiyo. Mzigo mdogo nao unahesabiwa, polepole, lakini unahesabiwa. Njia ya mafuta na chaki, kwa taarifa yako, ilizoeleka katika karakana hizo hizo za reli, kwa ekseli hizo hizo.

Kwa nini basi mtu atengeneze bastola ya alumini? Kwa sababu ya mfuko. Mwaka 1950 Colt walitoa Cobra, rivolva ya risasi sita yenye fremu ya alumini, na mwaka huo huo Smith & Wesson wakatoa Chiefs Special ya chuma, ndogo, ya risasi tano; mwaka 1952 nao wakaleta ya fremu ya alumini, wakaiita Airweight. Askari kanzu anayetembea mchana kutwa na silaha kiunoni alishukuru kwa kila gramu iliyopungua. Jeshi la Anga la Marekani likaenda mbali zaidi: likataka rivolva ya marubani ambayo hata silinda yake ni ya alumini, nyepesi kiasi kwamba ukiivaa unaisahau. Zikatengenezwa, na Colt na Smith & Wesson wote wawili. Silinda zile hazikuweza kuaminiwa na risasi za kawaida, ikabidi zitengenezewe risasi zao zenye baruti kidogo. Sasa fikiria ghala la jeshi, na askari wa stoo ambaye kwake risasi ni risasi. Kabla ya muongo kwisha jeshi lilizikusanya na kuziharibu kwa wingi. Chache zilizoponea ndizo leo wakusanyaji wa vitu vya kale wanazilipia fedha ambayo ingenunua gari la mitumba, na mafundi wajanja wanazighushi.

Baada ya hapo silinda zikarudi kuwa za chuma, na fremu ya alumini ikabaki. Nyingi sana kati ya hizo ziko sawa hadi leo. Nisije nikamtisha mtu bure: ufa wa aina hii si ajali ya kila droo. Ni kwamba ukitokea, hutokea pale pale, na hauulizi mwenye nayo aliitunza vipi.

Fundi alisimulia kwamba wateja wake karibu wote huilaumu risasi. Kuna risasi zilizoongezwa nguvu, zenye alama ya +P kitakoni, na kweli rivolva nyingi za zamani za fremu nyepesi hazikukusudiwa kuzila. Mtu akiona ufa, anakumbuka lile boksi moja alilopewa na shemeji, na kesi imekwisha. Huenda shemeji naye ana sehemu yake. Risasi kali huharakisha. Lakini pete iliyotanuliwa toka siku ya kwanza inahitaji sababu ndogo tu, na fundi alisema amewahi kuukuta ufa huo huo kwenye bastola ambayo matundu ya silinda yake bado yalikuwa na mng'ao wa kiwandani.

Nyufa nyingine zina hadithi nyingine, na si haki kuzichanganya. Smith & Wesson ya mwaka 1955 iliyokuja kuitwa Model 19, ambayo Bill Jordan wa polisi wa mpakani aliipigia debe, ilikuwa ya chuma tupu na ilikula risasi ya .357 Magnum, yenye kikomo cha pauni 35,000, katika fremu iliyozaliwa kwa ajili ya .38. Ile hupasuka kwenye mtutu wenyewe, mdomo wa nyuma ambapo risasi inaingia ikitoka kwenye silinda, na hupasukia chini, kwa sababu hapo mtutu umekatwa bapa kupisha sehemu za silinda. Huo ni ufa wa kazi, hasa kwa risasi nyepesi zenye mwendo mkali. Mtutu unabadilishwa, maisha yanaendelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda kikatoa fremu nene kidogo, na malalamiko yakapungua.

Webley ni kisa cha namna yake. Hii ndiyo rivolva ambayo babu zetu waliiona, maana maofisa wa Kiingereza wa jeshi la KAR waliifunga kiunoni katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walipokuwa wakifukuzana na Wajerumani kuanzia Taveta hadi kusini kabisa mwa Tanganyika. Ni ile inayovunjika katikati kama mkate, maganda yakaruka yote kwa pamoja. Vita vya pili vilipokwisha, Webley nyingi ziliuzwa Marekani kwa bei ya kutupa. Risasi yake ya .455 ilikuwa adimu huko, basi wafanyabiashara wakazikwangua silinda kwa nyuma ili zimeze risasi ya .45 iliyojaa kila duka. Zikameza. Ila .45 ile ya kijeshi ina shinikizo kubwa kuliko hata risasi ya majaribio iliyotumika kuipima Webley ilipozaliwa. Kwa hiyo kila mlipuko wa kawaida ni mtihani uliopita mtihani. Mwenye Webley iliyokwanguliwa anapokuja kwa fundi wangu, hukaguliwa kabla hajakaribishwa kahawa.

Nimetaja majaribio. Uingereza, tangu karne ya 17 kwa London na tangu sheria ya mwaka 1813 kwa Birmingham, bunduki haiuzwi mpaka ipelekwe kwenye nyumba ya majaribio, ifyatuliwe kwa risasi nzito kupita kiasi, ikaguliwe, na ikiwa nzima igongwe muhuri. Marekani haina sheria hiyo. Kila kiwanda kinajijaribia chenyewe kinavyoona inafaa. Ningependa kusema kwamba muhuri wa Birmingham ungeikamata bastola ya mzee. Sidhani. Siku ya majaribio ile pete ingekuwa bado nzima, imevutwa tu, na nyumba ya majaribio hupima kama kitu kimepasuka leo.

Methali yetu ya ufa na ukuta ilinijia, bila shaka, kama inavyokujia wewe hapo ulipo. Mzee ndiye aliyeitamka, akaikatiza katikati. "Usipoziba ufa..." akaniangalia, akacheka kwa pua. Ufa wenyewe hauzibiki. Na ukuta hauruhusiwi kujengwa.

Hilo la mwisho ni suala la sheria. Kwa sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968, fremu ndiyo silaha. Mtutu ni kipuri, silinda ni kipuri, nyundo ni kipuri. Unaweza kuviagiza vikaletwa na posta kama springi za kitanda. Fremu ndiyo yenye nambari, na penye nambari ndipo penye bastola. Huwezi kuagiza fremu mpya ukahamishia viungo vya zamani ukasema umetengeneza. Umenunua bastola nyingine, na karatasi zake ni zile zile za kununua bastola nyingine. Hapo ndipo mfano wa baiskeli ya babu unapopata jibu la serikali. Niliondoka nikiwaza kwamba ni mara chache sheria na falsafa ya fundi baiskeli hukubaliana kiasi hicho.

Kiwanda hakiuzi fremu tupu. Unaweza kukipelekea bastola nzima, wakaithibitisha, na wakikuhurumia watakupa mpya au watakupunguzia bei. Mzee hakutaka mpya. Alikuwa amekuja kupunguza bastola nyumbani, si kubadilisha. Kumuuzia mtu mwingine bila kumwambia hakulifikiria hata kidogo. Alilitaja mwenyewe ili alikatae kwa sauti. "Kesho mtu apigwe usoni na chuma, mie nitamwambia nini Mungu? Kwamba nilikuwa sijui, na chaki nimeiona?"

Fundi naye alikuwa mwangalifu na maneno. Hakusema ingelipuka. Alisema kwa kawaida pete ikiachia mtutu huanza kulegea, shabaha zinapotea, pengo kati ya silinda na mtutu linaharibika, na vipande vidogo vya risasi na moto vinaanza kutoka pembeni. Kwa kawaida. Kisha akaongeza kwamba yeye hafanyi kazi na neno kwa kawaida likiwa mbele ya uso wa mtu.

Wakakubaliana hivi: silinda, kifyatulio, nyundo na springi fundi angezinunua kwa ajili ya wateja wake wengine, na fremu ingebaki kwake mpaka ipelekwe polisi kuharibiwa. Kwa kuwa sasa ingelala hapo, ilibidi iandikwe. Fundi alitoa kitabu kikubwa, akafungua vipande vya mti vya mpini, akasoma nambari iliyogongwa kitakoni, tarakimu moja moja, akaandika pamoja na jina la mzee na anwani. Vile vipande vya mti, vyeusi kwa jasho la kiganja cha miaka, mzee alivichukua akavitia mfuko wa shati. Basi kumbe jasho lilikuwapo. Zaidi ya hapo hakuna alichodai.

"Mtutu je?" niliuliza. Mimi ndiye niliyeuliza.

Fundi aliona kwamba nataka kutazama. Alichomoa kwanza pini ndogo iliyopita kwenye fremu na kugusa mtutu, maana za zamani zilikuwa na pini. Akaufunga mtutu kwenye jiliwa, kati ya vipande viwili vya metali ya risasi vilivyochongwa umbo lake. Fremu akaivalisha kishikio maalumu kinachoikumbatia pande zote. Alisema kuna watu huingiza mpini wa nyundo kwenye dirisha la fremu na kusukuma, na kwamba hao ndio wanaomlipia kodi ya nyumba. Kwa kawaida, alinieleza, hapa utaegemea kwa uzito wa mwili. Akaegemea kidogo tu, na fremu ikazunguka laini kama kifuniko cha mtungi. Ufa ulikuwa umeshamfanyia nusu ya kazi.

Alipoutoa mtutu wote, alifuta ile pete na kumpa mzee lenzi. Mzee aliisogeza fremu kwenye taa, akaitafuta ile sehemu, akaigeuza, akaigeuza tena. Mtutu uliokuwa ukiitanua haumo. Pete ilikuwa imerudi mahali pake, na kingo mbili za ufa zilikuwa zimekutana.

"Haupo," mzee alisema. "Mwanangu, njoo utazame. Haupo."

Nilitazama. Haukuwapo. Fundi alikuwa ameshaanza kukikunja kile kitambaa cha mahari, na kile kipande cha chaki kilikuwa bado pale mezani kando ya kitabu, lakini hakuna aliyekinyooshea mkono.